HEWA YA DARASANI NA AFYA YA WANAFUNZI: MAELEZO KWA SKULI, WATUMISHI WA SERIKALI NA WANANCHI

Mwanafunzi hukaa darasani saa tano hadi sita kwa siku. Katika muda huo hunywa maji pale anapoyapata, na chakula huenda akala mara moja tu. Lakini hewa huivuta kila baada ya sekunde chache, wala hana nafasi ya kuichagua. Maji machafu huonekana kwa macho, na chakula kilichochacha hujulikana kwa harufu. Hewa iliyochafuka ndani ya chumba mara nyingi haina dalili ya wazi namna hiyo. Pua ya aliyekaa ndani huizoea katika dakika chache, na anayetambua uzito wake ni yule anayeingia kutoka nje.

Kwa sababu hiyo, hisia za walioko darasani hazitoshi kuwa kipimo. Maelezo haya yanakusudia kuonyesha ni kitu gani huichafua hewa ya ndani ya skuli, madhara yake ni yapi, na vipi wanafunzi wenyewe, wakiongozwa na walimu wao, wanaweza kuichunguza hewa hiyo na kuupatia uongozi wa skuli ushahidi wa kufanyia kazi.

HEWA HUCHAKAA KWA KASI GANI?

Kila mtu anapopumua huvuta oksijeni na kutoa hewa ukaa. Hewa ya nje hivi sasa ina hewa ukaa kiasi cha sehemu 420 na zaidi kidogo katika kila sehemu milioni moja. Pumzi inayotoka kifuani ina kiasi cha sehemu 40,000 katika milioni. Kwa hivyo, hewa ukaa inapozidi ndani ya chumba, huwa ni alama kwamba watu waliomo wanavuta tena pumzi zilizokwisha kutoka katika vifua vya wenzao.

Mwanasayansi wa Ujerumani, Max von Pettenkofer, alilieleza jambo hili mwaka 1858. Yeye ndiye aliyependekeza kwamba hewa ya chumba wanachokaa watu isizidi sehemu 1,000 za hewa ukaa katika milioni. Kiwango hicho kingali kinatumika katika nchi nyingi kama alama ya kukumbusha. Ifahamike kuwa hewa ukaa kwa kiasi hicho si sumu. Umuhimu wake ni kuonyesha kama hewa ya chumba inabadilishwa ipasavyo au haibadilishwi.

Tuchukue mfano wa hesabu ambao mwalimu yeyote anaweza kuurudia ubaoni. Darasa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3 lina ujazo wa mita 144. Mtoto aliyekaa akisoma hutoa kwa makadirio lita 12 za hewa ukaa kwa saa. Watoto 60 watatoa lita 720. Ikiwa madirisha yote yamefungwa, hewa ukaa itapanda kwa sehemu 5,000 katika milioni kwa kila saa. Maana yake ni kwamba kutoka 420 hadi 1,000 ni mwendo wa dakika saba tu. Kipindi cha dakika 40 hakijafika hata robo yake, kiwango hicho kimekwisha kufikiwa.

Hesabu hiyo hiyo ikigeuzwa inaonyesha dawa yake. Ili darasa hilo lisivuke 1,000, hewa yote iliyomo inatakiwa ibadilishwe mara nane hadi tisa kwa saa. Mwezi Machi 2021, wakati wa maradhi ya UVIKO-19, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kiwango cha juu zaidi kwa majengo yasiyokuwa makaazi: lita 10 za hewa safi kwa kila mtu kwa kila sekunde. Kwa watoto 60 hiyo ni sawa na kubadilisha hewa ya darasa letu la mfano mara 15 kwa saa. Kiwango hicho si cha kutisha katika visiwa vinavyopata upepo wa kaskazi na wa kusi, ilimradi upepo upewe mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea.

Ushahidi wa jambo hilo ulipatikana katika hospitali nane za mji wa Lima, nchini Peru, kwa utafiti uliochapishwa mwaka 2007. Vyumba vilivyofunguliwa madirisha na milango vilibadilisha hewa kiasi cha mara 28 kwa saa, wakati vyumba vilivyotegemea mitambo vilifikia mara 12. Majengo ya zamani yenye dari za juu na madirisha makubwa yaliyashinda majengo mapya. Waliojenga nyumba zetu za kale kwa dari ndefu, ua wa kati na madirisha ya kuelekeana walikuwa wakijua walifanyalo.

Aidha, inafaa kuondoa dhana moja iliyoenea maofisini na katika vyumba vya kompyuta. Feni huzungusha hewa ile ile iliyomo. Viyoyozi vingi vinavyotundikwa ukutani navyo huipoza hewa ya ndani na kuirejesha. Haviingizi hewa mpya. Chumba kinaweza kuwa baridi na hewa yake ikawa imechakaa kabisa.

MAMBO MENGINE YANAYOCHAFUA HEWA YA NDANI

Pumzi za watu ni sehemu moja tu. Uchunguzi wa skuli unatakiwa uyaangalie pia mambo yafuatayo:

(a) Moshi. Jiko la kuni la skuli, jaa linalochomwa moto nyuma ya madarasa, na jenereta iliyo karibu na dirisha, vyote hutoa chembe ndogo mno za moshi. Zinazohofiwa zaidi ni zile zisizozidi mikromita 2.5, yaani ndogo kiasi cha mara 30 kuliko unene wa unywele. Chembe hizo hufika ndani kabisa ya mapafu, na nyengine huingia katika damu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka wastani wake usizidi mikrogramu 15 kwa mita moja ya ujazo kwa siku, na mikrogramu 5 kwa mwaka.

(b) Kaboni monoksaidi. Hewa hii hutoka katika mkaa na kuni zisizoungua vizuri. Haina rangi wala harufu, nayo hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni. Mkaa uliowashwa ndani ya chumba kilichofungwa, hasa cha kulala, unaweza kuua watu kabla hawajaamka. Dahalia zinahusika moja kwa moja na onyo hili.

(c) Koga na unyevu. Wakati wa masika, paa linalovuja au ukuta unaonyonya maji huota koga. Vijimbegu vyake huruka hewani na kuwasumbua wenye pumu na wenye mzio.

(d) Vumbi. Vumbi la chaki, mchanga unaoingia na viatu, na vumbi la sakafu inayofagiwa ikiwa kavu huwasha macho, pua na koo.

(e) Kemikali. Rangi mpya, vanishi, dawa za kuulia wadudu na dawa kali za kusafishia huacha mvuke ndani ya chumba kwa saa nyingi, na wakati mwengine kwa siku kadhaa.

MADHARA KWA AFYA NA KWA MASOMO

Mtoto huvuta hewa nyingi zaidi kuliko mtu mzima kwa kulinganisha na uzito wa mwili wake, na mapafu yake yangali yanakua. Kwa hivyo, madhara humfika mapema. Pumu ndiyo ya kuangaliwa mwanzo. Kikohozi cha usiku, mluzi kifuani, na kubanwa baada ya kukimbia au baada ya kukaa karibu na moshi ni dalili zinazohitaji kuonwa na daktari. Pumu isiyotibiwa inaweza kuua. Inayotibiwa haimzuii mtoto kusoma wala kucheza.

Maradhi ya kuambukiza kwa njia ya hewa, yakiwemo kifua kikuu, surua na UVIKO-19, huenea kwa urahisi zaidi pale watu wengi wanapokaa muda mrefu katika chumba kisichobadilisha hewa. Kwa upande wa moshi, Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa katika mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, itokanayo zaidi na nishati ya kupikia, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na kati ya hivyo zaidi ya 237,000 ni vya watoto wasiofikia miaka mitano. Mtoto anayevuta moshi wa jiko nyumbani kisha akavuta moshi wa jiko la skuli hapati mahali pa kupumzisha kifua chake.

Masomo nayo yanaguswa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu madarasa 100 ya darasa la tano nchini Marekani ulionyesha uhusiano baina ya hewa safi na matokeo ya mitihani: kila ilipoongezeka lita moja ya hewa safi kwa sekunde kwa kila mwanafunzi, idadi ya waliofaulu hesabu ilikuwa juu kwa kiasi cha asilimia 3. Uhusiano peke yake si uthibitisho wa sababu. Hata hivyo, mwalimu anayeona wanafunzi wake wakisinzia katika vipindi vya mwisho ana haki ya kuliuliza dirisha kabla ya kumlaumu mwanafunzi.

WANAFUNZI KAMA WACHUNGUZI

Kuwashirikisha wanafunzi katika kazi hii kumekwisha kujaribiwa kwengine. Nchini Uingereza, mwaka 2021 Serikali ilitangaza kugawa vipima hewa ukaa 300,000 katika skuli zake. Kuanzia mwaka 2022 mradi uitwao SAMHE, unaowaunganisha watafiti wa Chuo cha Imperial cha London na vyuo vikuu vyengine, ulizipatia skuli vifaa vinavyopima hewa ukaa, chembe za moshi, joto na unyevu. Wanafunzi wenyewe walisoma vipimo, wakapanga majaribio, na takwimu zao zikawafikia watafiti.

Kinachofaa kuigwa hapo ni utaratibu: kuuliza swali moja, kupima, kubadilisha jambo moja, kisha kupima tena. Utaratibu huo hauhitaji fedha nyingi. Skuli inaweza kuufuata kama ifuatavyo.

Kwanza, ramani. Wanafunzi wachore skuli yao na kuonyesha madirisha, jiko, vyoo, jaa, barabara, jenereta na upande unakotoka upepo. Kwa kuwa upepo wa kaskazi na wa kusi hutoka pande tofauti, ramani moja haitoshi kwa mwaka mzima. Jiko lisilosumbua wakati wa kaskazi linaweza kulijaza moshi darasa zima wakati wa kusi.

Pili, daftari la chumba. Kila siku iandikwe saa, idadi ya waliomo, madirisha yaliyofunguliwa na yaliyofungwa, mvua, moshi na harufu. Harufu iandikwe na mtu anayeingia kutoka nje.

Tatu, majaribio yasiyohitaji mtambo. Uzi mwepesi wa pamba ukitundikwa katika dirisha utaonyesha kama hewa inaingia, inatoka au imesimama. Kadi nyeupe iliyopakwa mafuta mazito ya kujipaka, ikiachwa kwa muda wa siku moja karibu na ubao, nyengine karibu na mlango na nyengine upande wa jiko, itanasa vumbi, na vumbi hilo litahesabiwa kwa lenzi ya kukuzia. Kadi hizo hunasa chembe kubwa tu. Zile za moshi zinazopenya mapafuni zinahitaji kifaa.

Nne, kipima hewa ukaa, kwa skuli inayoweza kukipata kwa kununua au kwa kuazima. Kichaguliwe kinachopima kwa mionzi ya infraredi. Vipo vya bei rahisi ambavyo hukisia tu kutokana na mivuke mengine. Kabla ya kutumika kiwekwe nje, penye hewa wazi, na kionyeshe kiasi cha 420 hadi 450. Ndani kisiwekwe mbele ya uso wa mtu wala dirishani. Vipimo vichukuliwe kila baada ya dakika tano, tangu darasa likiwa tupu hadi mwisho wa kipindi.

Tano, jaribio la kushuka. Wanafunzi wanapotoka, kifaa kiachwe ndani. Tuseme kilikuwa kinaonyesha 2,420. Ziada juu ya hewa ya nje ni 2,000. Uhesabiwe muda unaopita mpaka ziada hiyo ibaki asilimia 37, yaani 740, na kifaa kionyeshe 1,160. Muda huo ndio unaohesabiwa kuwa hewa imebadilishwa mara moja. Ukiwa ni dakika 20, chumba hubadilisha hewa mara tatu kwa saa. Ukiwa ni dakika sita, ni mara kumi. Jaribio lifanywe madirisha yakiwa yamefungwa, kisha ya upande mmoja yakiwa wazi, kisha ya pande mbili. Tofauti itakayoonekana itakuwa na nguvu kuliko maelezo marefu.

Jaribio hili lina umuhimu wa pekee kwa skuli zenye mikondo miwili. Ikiwa madarasa hufungwa baada ya mkondo wa asubuhi, mkondo wa mchana unaingia katika pumzi za wenzao. Dakika za kupishana zikitumika kufungua kila dirisha, mkondo wa pili utaanza na hewa yake.

MIPAKA YA UCHUNGUZI

Uchunguzi huu ni wa wanafunzi, lakini dhamana ni ya watu wazima. Wanafunzi wasiingie jikoni wakati moto unawaka kwa ajili ya kupima, wala wasijaribu kutengeneza kaboni monoksaidi kwa namna yoyote. Wasikwangue rangi za zamani wala kuvunja au kuchimbua mapaa ya asbesto pale yalipo, kwa kuwa nyuzi zake zikivutwa husababisha saratani. Koga lisichokorwe mikononi. Vilevile, habari za ugonjwa wa mwanafunzi ni siri yake na wazee wake. Daftari linaweza kuhesabu ni wangapi walikohoa au hawakufika kwa sababu ya kifua katika wiki, lakini majina yasiandikwe.

MATOKEO YAFANYIWE KAZI

Uchunguzi usiofikishwa kwa mwenye uwezo wa kurekebisha huwa ni zoezi la darasani tu. Inashauriwa matokeo yaandikwe katika ukurasa mmoja na kuwasilishwa kwa mwalimu mkuu na kamati ya skuli, yakiwa yamepangwa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni mambo yasiyohitaji fedha: kufungua madirisha ya pande mbili kabla ya kipindi na wakati wa mapumziko, kupangusa ubao na sakafu kwa kitambaa au tambara bichi, kuacha kuchoma taka wakati wa masomo, kuhamisha jenereta, kupaka rangi mwanzo wa likizo, na kumkalisha mwenye pumu mbali na upande wa moshi.

Fungu la pili ni ya gharama ndogo: kubadilisha bawaba zilizokufa, kufungua matundu ya hewa yaliyozibwa kwa mbao au kwa matofali, kuziba paa linalovuja kabla ya masika, na kuliwekea jiko dohani linalotokeza juu ya paa.

Fungu la tatu ni ya bajeti: kuongeza madirisha, kuhamisha jiko, kupunguza msongamano kwa kujenga madarasa, na kubadilisha nishati ya kupikia. Kuhusu hili la mwisho, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa nchini Tanzania mwezi Mei 2024, umeweka lengo kuwa asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Jiko la skuli, linalopikia mamia kwa wakati mmoja, ni mahali pa kuonyesha mfano.

Ni kweli kwamba madirisha mengi hayafungwi kwa uzembe. Hufungwa kwa kuogopa mvua, wezi, kelele za barabarani au mbu wa jioni. Kila sababu ina jibu lake: ukingo wa paa na vibao vilivyoinamishwa huzuia mvua bila ya kuzuia upepo, nondo huzuia mwizi, wavu huzuia mbu, ingawa hupunguza upepo na hivyo hudai dirisha kubwa zaidi. Pale ambapo dirisha likifunguliwa huingiza moshi, wa kuondolewa ni moshi. Mafundi na watumishi wanaopitisha michoro ya skuli mpya wanaombwa wakumbuke kwamba chumba chenye madirisha upande mmoja tu kitawagharimu wanafunzi pumzi zao kwa miaka yote ambayo jengo litasimama.

Wazee nao wanaombwa kuulizia hewa ya darasa kama wanavyoulizia madawati na vitabu, na kuitoa taarifa ya mtoto mwenye pumu kwa mwalimu wake pamoja na dawa yake ya kuvuta. Masheha na maofisa wa afya wa wilaya wanaweza kusaidia pale ambapo moshi unatoka nje ya eneo la skuli, kwa kuwa mwalimu mkuu hana amri juu ya jaa la jirani.

Daftari la hewa likishaanzishwa, lihifadhiwe skulini na likabidhiwe kwa darasa linalofuata. Wanafunzi wa mwaka ujao watapima pale pale, kwa saa zile zile na katika msimu ule ule, na wataweza kuueleza uongozi kwa tarakimu kama dirisha lililotengenezwa limeleta nafuu au halikuleta.